Kuni inaisha ao haiishi? Jibu kwa Baba Amani wa Walungu

Baba Amani aliniandikia toka Walungu, kule Sud-Kivu, mesaji ndefu sana, nafupisha: "Agronomu, nilisikia mu radio mtu anasema kuni ni nishati ile haiishi, eti iko sawa na jua na maji ya Ruzizi. Sasa mie nauliza, kama haiishi, mbona milima yetu iko uchi ivi na gunia ya makala pale Kadutu kila mwaka inapanda bei? Niko na hektari moja na nusu, baba aliniachia, nataka nipande kaliptusi kila mahali, nichome makala niuze Bukavu. Wazee wanasema kaliptusi inakausha maji. Nifanye nini?"

Jambo Baba Amani, pole na kazi za shamba. Yule wa radio hakukudanganya, ila alikupa nusu ya maneno akabaki na nusu ingine mu mfuko. Jua, ukianika nguo, hata kata nzima ya Kadutu wakianika siku moja, jua ya kesho haipungui. Kuni si vile. Kuni iko sawa na ng'ombe, na wewe ni mtu wa Bushi, inchi ya Bashi, sina haja ya kukufundisha ng'ombe. Ukikamua, kesho kuna maziwa tena. Ukichinja, unakula vizuri wiki moja, kisha unabaki na kamba mkononi. Miti ya milima yetu haikuisha sababu watu walipika, iliisha sababu tulichinja bila kuhesabu ngapi inazaliwa.

Sasa hesabu yenyewe, usiogope, ni ya kidogo tu. Kaliptusi iliyotunzwa vizuri mu milima kama ya Walungu inaweza kuongeza kama mita 15 za ujazo kwa hektari moja kila mwaka, mita moja ya ujazo ni fungu la mti mtupu, bila mapengo, lenye mita moja urefu, moja upana, moja kimo. Udongo ukiwa umechoka, na yetu mingi imechoka na iko na asidi, unaweza kushuka chini ya 10. Udongo mzuri na mbegu nzuri inapita 20. Mie nachukua 15 tuongee. Maana yake mu hektari moja ukitoa 15 kwa mwaka, miaka kumi, miaka makumi mawili, ile shamba itakuwa inakungojea tu, kuni yako haiishi kweli. Ukitoa 30 unakula mtaji, na mbaya zaidi hutaona mara moja, miaka ya kwanza unaona franga tu zinaingia unajisifu.

Kuna jambo watu wengi hawajui, hata wenye kusoma. Miaka ya 1970 wakubwa wa dunia waliogopa sana, waliandika kwamba watu wa Afrika watakuja kukosa kuni za kupikia. Miaka ilipita na watu wakapika. Sababu? Vijijini mama akienda kuni hakati mti mzima, anaokota vikavu, anakata matawi, anachukua mu ua wa nyumba yake, na mti unabaki umesimama. Watafiti waliokuja kuhesabu vizuri hali ya mwaka 2009 waliona kwamba kati ya kuni zote zinazovunwa mu nchi za joto, sehemu iliyozidi kile kinachoota ilikuwa 27 mpaka 34 kwa mia. Si kidogo, lakini si zote vile tulikuwa tunaimbiwa. Na hiyo ziada haikutawanyika sawasawa, imerundikana mahali fulani fulani, na Baba Amani, Afrika ya mashariki ni mojawapo ya hizo mahali. Angalia kwetu Bukavu: mji mkubwa, watu wengi, milima mikali, vita iliyosukuma watu toka vijiji vyao, na zaidi ya yote mji unaopika na makala. Hapo kwa makala ndipo nataka tukae kidogo, sababu mpango wako wote umesimama pale.

Kilo moja ya makala iko na moto kama mara mbili ya kilo moja ya kuni kavu. Ndiyo maana mama wa Nyawera anaipenda, ni nyepesi kubeba, haina moshi mingi, ukiwasha unaweza kwenda kuosha mtoto unarudi bado inawaka. Sawa. Lakini ile kilo moja ilitoka wapi? Mu tanuru ya udongo vile watu wetu wanachoma, kilo 100 za kuni kavu zinakupa kilo 10 mpaka 15 za makala, fundi mzuri sana 20. Tuseme 15. Kwa hiyo kilo moja ya makala imekula karibu kilo saba za kuni. Umeweka moto wa kilo saba mle ndani, umetoa moto wa kilo mbili. Ingine yote ilipanda juu na ule moshi mweupe unaouona ng'ambo ya mlima asubuhi, hakuna aliyepikia kitu.

Tuchukue sasa nyumba moja ya Bukavu inayotumia kilo 3 za makala kwa siku, nasema mfano, pima ya kwako. Kwa mwaka ni kama kilo 1,100. Kwa tanuru ya 15 kwa mia ni tani 7 na zaidi za kuni kavu, na kaliptusi kavu mita moja ya ujazo ina uzito wa kama kilo 600, basi ni mita 12. Gawa kwa 15 zinazoota kwa hektari: familia moja, sufuria moja ya maharagi na moja ya bugali, inahitaji hektari 0.8 ya msitu unaoota kwa ajili yake peke yake, milele. Shamba yako yote Baba Amani haitoshi familia mbili! Hesabu kisha watu wa mji wako ngapi, utaelewa milima.

Badilisha vitu viwili tu. Tanuru iliyofanywa vizuri inayotoa 25 kwa mia, na mu jikoni mbabula (jiko la makala) yenye udongo ndani inayokula kilo 2 pahali pa 3. Rudia hesabu: kilo 730 za makala, tani 3 kasoro za kuni, mita 5, hektari 0.3. Chakula ni kilekile, hakuna aliyelala njaa, na msitu unaohitajika umepungua zaidi ya nusu bila kupanda hata mti mmoja. Na kama ile familia ingepika na kuni yenyewe, kavu kabisa, mu jiko zuri la kuni, ingeshuka mpaka kama robo ya hektari. Kwa hiyo mtu akiniuliza msitu wa kwanza wa kupanda Sud-Kivu ni upi, ninamwambia uko kati ya shoka na sufuria. Watu wa miradi hawapendi hilo jibu sana, mti unapigwa picha vizuri na mkubwa ameshika kopo ya maji, tanuru haina sura.

Lakini sitakuambia mji wote urudi kwa kuni, mie pia napika na makala, nyumba yangu ni chumba mbili na jirani ananisikia nikikohoa. Moshi wa kuni ndani ya nyumba unaua, OMS, shirika la afya la dunia, inahesabu watu milioni 3.2 walikufa mwaka 2020 kwa hewa chafu ya majumbani. Kijijini kwako, jikoni la nje lenye kupitisha upepo, kuni kavu ni bora kwa nyumba yako mwenyewe na makala uache kwa wateja wa mji. Na kwa kuwa nimetaja makala: haina moshi lakini iko na hewa ya sumu, hewa ile haina harufu. Bukavu na Walungu usiku wa mwezi wa sita na wa saba ni baridi, watu wanaingiza mbabula mu chumba wanafunga dirisha wanalala, asubuhi wengine hawaamki. Usifanye ivo hata siku moja, hata kama makala imekuwa nyekundu yote unadhani imeisha ubaya.

Sasa wazee na maji. Wazee wako wamesema kweli ila wameisema yote kwa mpigo mmoja. Kaliptusi inakunywa, mti wowote unaokua haraka ivo unakunywa, huwezi kuwa mrefu mita 15 miaka saba na ukanywa kidogo. Ukiupanda mu bonde karibu na chemchemi, kijiji kitaona chemchemi inapungua na watakuchukia na watakuwa na haki. Ukiupanda kule juu kwa mgongo wa mlima, pale hata mihogo inakataa, haudhuru mtu. Mie kwangu ni mita 50 toka chemchemi na toka mto, kama mlima unaruhusu weka zaidi. Tena usipande mpaka kwa mpaka na shamba ya jirani, mizizi inaenda kula maharagi ya mwenyewe na ugomvi wa mti mu Bushi unaujua, unarithiwa na wajukuu.

Na hapo kuna neno la maana kuliko yote haya, sikuona umeliandika. Ile hektari moja na nusu baba aliipata namna gani? Kama ni kalinzi, imelipwa kwa mwami, chifu mkubwa, na inajulikana, na wandugu wako wamekubali ni yako, endelea. Kama hata kipande kimoja ni bwasa, yani mmekodi tu kwa kulima, usitie mti! Unajua desturi, mwenye bwasa analima maharagi na viazi, hapandi kitu cha kukaa miaka, sababu kupanda mti ni kama kusema udongo ni wangu. Niliona watu walipanda wakatunza miaka mitano, mwenye udongo akaja na shoka na wazee wakampa haki. Kaa na wandugu, kaa na chifu wa kijiji, andika karatasi na mashahidi, hata kabla ya kununua mbegu. Mti unangoja miaka saba, ugomvi haungoji.

Kupanda zote, hapana. Hektari moja weka miti, kule juu na pale pabaya. Nusu hektari ya chini bakiza kwa chakula, ila mu mistari ya kuzuia mmomonyoko panda kaliandra, na mu pembeni grevilea. Kaliandra ukiikata kimo cha nusu mita inarudi, majani mbuzi na ng'ombe wanakula, inarudishia udongo nguvu, na vijiti vyake vidogo ndivyo mama Amani atapikia kila siku bila kugusa msitu wako. Grevilea inakubali kukaa na maharagi, unaikata matawi kila mwaka, shina unaliacha linenepe kwa mbao. Kuni ya nyumbani ikitoka huko, ile hektari ya juu inabaki ya franga. Watu wengi wanachanganya, wanakula mu msitu wa biashara kidogo kidogo na mwisho hawajui walivuna nini.

Ile hektari, panda kwa mita 2 na nusu kila upande, ni miche 1,600. Na kitu hiki ndicho siri yote ya kuni isiyoisha: igawe vipande saba. Usipande zote mwaka moja kama huna nguvu, panda hata kipande kimoja kila mwaka, ni miche 230 tu, kazi ya wikendi mbili na watoto wako. Mwaka wa nane unakata kipande cha kwanza, mwaka wa tisa cha pili, na ukimaliza cha saba kile cha kwanza kimeota tena miaka saba kinakungojea. Kwa njia hiyo hata ukipata tamaa (na utapata, mwezi wa tisa wakati wa minervali, pesa ya shule ya watoto, kila mtu anapata tamaa) unajua kabisa ukigusa kipande cha pili umeingia mu chakula ya mwaka kesho. Hauhitaji mtaalamu wa kukuhesabia, msitari kwa udongo unakuhesabia.

Miaka miwili ya kwanza palilia, kaliptusi ndogo inashindwa na majani kirahisi, watu wanadhani ni mti mgumu wanaiacha kisha wanalaumu mbegu. Angalia mchwa. Mu kiangazi toa majani makavu pembeni, fanya njia tupu ya mita chache kuzunguka, sababu jirani akichoma shamba yake upepo haumuulizi mtu.

Kukata pia ni kazi, si kupiga piga tu. Kata chini, kimo cha sentimita 10 ao 15, na msumeno kama unao, kisiki kiwe laini na kiinamie kidogo maji yasikae juu yake. Shina lililopasuliwa na panga butu linaoza na halirudi. Kata mwanzoni mwa kiangazi, mwezi wa sita, sababu mbili: kuni inapata miezi ya jua ya kukauka, na machipukizi yanakuja kukutana na mvua ya mwezi wa tisa. Yatatoka mengi kama nywele, yaache kwanza, kisha ndani ya mwaka chagua mawili ao matatu yenye nguvu kwa kila kisiki, ingine toa mpe mbuzi kitanda. Mizizi tayari iko, kwa hiyo mavuno ya pili mara mingi hayashindwi na ya kwanza, wakati mwingine yanapita. Unaweza kurudia mara tatu, nne. Baadaye visiki vinaanza kufa kimoja kimoja, hapo unajaza na miche mipya. Na tafadhali majani, maganda na vijiti vyembamba acha palepale chini, mule ndimo chakula cha udongo kiko kwa wingi kuliko mu shina. Mtu anayefagia msitu wake mpaka udongo unang'aa anauza mbolea yake bei ya bure.

Kipande kimoja cha saba, kikikua miaka saba, kinakupa kama mita 15 za ujazo, tani 9 za kuni kavu. Usichome zote! Mashina yaliyonyooka ni sitiki za kujengea, Bukavu kila siku watu wanajenga mpaka mahali mlima unakataa, na sitiki inalipa kuliko makala ya mti uleule. Toa sitiki kwanza, kisha vilivyopinda, vichwa na matawi manene ndivyo vya tanuru. Niambie kama kuna mkulima wa kahawa anayesaga kahawa yake nzuri kulisha kuku, ni kitu kimoja na kuchoma sitiki.

Kwa zile za tanuru, ngoja. Kaliptusi mbichi nusu ya uzito wake ni maji. Kama unaitia ivo mu tanuru, unachoma kuni nzuri ili kukausha kuni mbaya. Pasua, panga juu ya magogo isiguse udongo, funika juu acha pembeni wazi upepo upite, miezi miwili ao mitatu. Najua utaniambia huna miezi mitatu, mtoto mgonjwa, deni, kila mchoma makala yuko na hilo jibu na simcheki, ila kwa hiyo haraka anapoteza pengine theluthi ya makala yake, na ndiyo inamrudisha mu haraka.

Tanuru yenyewe: panga vizuri, vikubwa katikati, vidogo pembeni na juu, jaza mapengo, mapengo ni hewa na hewa ni majivu. Majani mabichi juu, kisha udongo. Watu wa Senegal wako na namna yao, wanaita tanuru ya Casamance, wanaweka bomba la moshi upande mmoja, limefanywa kwa mapipa matatu yaliyounganishwa. Moshi ya moto inalazimishwa kushuka chini ipite ndani ya kuni kabla ya kutoka kwa bomba, kuni inaiva sawasawa. Ndiyo inafikisha 25, wakati mwingine 30 kwa mia. Fundi wa mabati wa Mugogo anaweza kukufanyia bomba kwa siku moja na mnaweza kulinunua watu watano, kila moja zamu yake. Kwa kila tani 9 za kuni utakazochoma, tofauti ya 15 na 25 kwa mia ni kilo 900 za makala. Mti uleule, jasho lilelile.

Soma moshi. Mwanzo mweupe mzito, hayo ni maji. Kisha unakuwa na manjano, unachoma macho. Ukiwa wa bluu mwepesi unaona ng'ambo yake, imeiva, ziba kila tundu na uache ipoe bila kuifungua. Na usilale! Mie mwaka moja wa stage yangu, mazoezi ya kazi, kijana, najua kila kitu, nililala pembeni ya tanuru sababu ya mvua na bia mbili, upande moja udongo ukatitia tundu likafunguka, nikaamka nakuta kilima cha majivu na mzee mwenye kuni amesimama juu yangu kimya. Hakunitukana. Aliniuliza tu mu shule wanafundisha kulala saa ngapi.

Ule unga wa makala unaobaki chini usitupe, changanya na udongo wa mfinyanzi kidogo ao uji wa mihogo, finyanga vibonge, kausha. Haiwaki kwa nguvu lakini inaenda polepole, kwa sombe na maharagi hakuna kitu bora. Na ikiwa tumefika kwa maharagi: kuloweka usiku mzima kunapunguza masaa ya moto, kifuniko juu ya sufuria kinapunguza tena, hakuna msitu rahisi kuliko huo. Mama yangu analoweka tangu sijazaliwa, hakungoja agronomu.

Utaniuliza kama kweli hii inafanyika mahali ao ni maneno ya vitabu tu. Nenda uone Mampu, kule Bateke, kama kilomita 140 toka Kinshasa. Udongo wa mchanga, nyasi tupu. Kati ya 1987 na 1993 walipanda akasia hektari 8,000, kisha wakagawia familia, kila moja hektari 25. Wanakata, wanachoma makala, wanalima mihogo na mahindi katikati, akasia inaota tena na udongo unapata nguvu, asali pia wanauza. Na bado ile Mampu yote ni sehemu ndogo tu ya makala ambayo Kinshasa inakula, hiyo pia uijue. Kwetu hatuna hektari 25 kwa familia, wewe na moja na nusu ni tajiri, kwa hiyo huwezi kunakili Mampu. Ila ile kazi ya zamu, kukata kipande na kungojea kipande, ni ileile.

Upande mwingine uko na Kahuzi-Biega, parki tangu 1970, urithi wa dunia tangu 1980, na tangu 1997 mu orodha ya zile ziko hatarini. Sehemu ya makala inayofika Bukavu inatoka mle, kila mtu anajua, hata anayenunua. Hapo ndipo biashara yako itakuwa ngumu, nakuambia wazi: mtu anayekata mti hakupanda, hakupalilia, hakungoja miaka saba, atauza bei ya chini kuliko wewe kila siku. Ndiyo sababu ingine ninakusukuma kwa sitiki na mbao ya grevilea, huko mwizi wa pori hakushindi kirahisi. Na umeme? Maji ya Ruzizi uliyotaja yanatoa umeme kweli, Ruzizi ya kwanza kama megawati 30, ya pili tangu 1989 kama 44 na hiyo tunagawana na Rwanda na Burundi, lakini mwenye resho ya umeme Ibanda bado anaweka mbabula nyuma ya mlango, sababu umeme unakatika. Soko ya makala haitaisha kesho.

Sasa saa. Mvua yetu inaanza mwezi wa tisa, na mche wa kaliptusi unahitaji miezi mitatu mpaka mitano mu pepinieri (kitalu cha miche), kwa hiyo mbegu iingie udongo mwezi wa tano. Ni mbegu ndogo kama vumbi, changanya na mchanga mkavu ndipo unyunyize, isije ikarundikana pahali pamoja. Ikitoa majani mawili mawili hamishia mu visachi. Wiki tatu za mwisho punguza maji na toa kivuli, mche uzoee shida kabla ya kupanda mlima. Mashimo ya sentimita 40 chimba mwezi wa nane, udongo wa juu weka pembeni uingie wa kwanza. Kama miche 230 tu unataka, unaweza kununua kwa watu wenye pepinieri, ila uliza mbegu ilitoka kwa miti gani, nenda uione ile miti imenyooka ama imepinda, mtoto atafanana.

Kabla ya hayo yote fanya vitu viwili unirudishie jibu. Pima kuni na makala mnayotumia nyumbani wiki nzima, azima mizani ya mtu wa duka. Na niambie ile hektari ya juu inaangalia upande gani, na ukichimba unakuta jiwe kwa sentimita ngapi, sababu kama ni chini ya 30 basi hata kaliptusi hapana, tutaongea kitu kingine.